Kisanduku cha majaribio ya umeme cha shilingi 45,000: kinafaa, ila kiongezeeni redio mbovu

Nimekinunua Ngamiani, Tanga, kwenye duka la vifaa vya umeme, kwa ajili ya binti wa kaka yangu aliye darasa la tano. Muuzaji alianzia elfu sitini. "Dada, hiki ndicho kinachotengeneza wahandisi," akaniambia. Mimi mhandisi wa umeme nikanyamaza, nikaendelea kupunguza bei.

Ndani mna ubao mweupe wa vitundu, waya za rangi, taa za LED, resista, kapasita, transista chache, mota yenye feni, spika ndogo na vipande vya redio ya FM. Kwa bei hiyo ni vingi.

Kilichonifurahisha ni kwamba vitu viko wazi, vinashikika, na vinaungua. Kuungua ni sifa. Mtoto alipowasha taa ya kwanza akauliza, "Shangazi, haka kadude kenye mistari kanafanya nini? Nikikatoa?" Nikamwambia katoe. Taa ikamweka mara moja, ikafa. Kadude hako ni resista, kazi yake kupunguza mkondo wa umeme usiiunguze taa. Basi tukakaa na kalamu: betri ni volti 9, LED inataka kama 2, zinabaki 7. Ukizigawa kwa mkondo ambao taa inauvumilia, ampea 0.02, unapata omu 350, ndiyo maana wameweka resista ya 330, na mistari yake ndiyo inayotaja namba hiyo: chungwa, chungwa, kahawia. Sasa anasoma rangi hizo bila kuangalia karatasi. Taa za ziada zimo, msiwe wachoyo nazo.

Redio ilikoroma tu. Antena waliyoweka haifiki hata urefu wa kiganja. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena nzuri ya waya ni robo yake, sentimita 75. Tulikata waya wa urefu huo, tukaufunga kwenye nondo ya dirisha, stesheni zikaingia.

Ugomvi wangu mkubwa ni karatasi ya maelekezo. Ni picha tupu: chomeka hapa, chomeka pale. Mtoto anaweza kumaliza majaribio yote asiulize swali hata moja, na mzazi akajisifu kwamba mwanangu ana kipaji.

Mimi sikuwa na kisanduku. Kwetu Makorora bibi alikuwa akianika betri za redio juani, na jioni zinaongea tena. Kwa nini? Nilimsumbua kila mtu. Jibu lenyewe nililikuta kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati): joto huharakisha mmenyuko ndani ya betri na kupunguza ukinzani wake, kwa hiyo inajikongoja saa chache zaidi. Fundi redio wa mtaani alikuwa akinipa redio zilizomshinda nizifungue, mradi skrubu zirudi zote. Halafu shuleni wakatupeleka Hale, kwenye kituo cha umeme cha megawati 21 kinachotumia maji ya Mto Pangani tangu 1964. Wenzangu waliangalia maji. Mimi nilitaka kujua waya zinakwenda wapi. Hakuna aliyekuwa amenitajia kazi ya uhandisi kabla ya siku ile, na nadhani ilinisaidia. Nilianza na maswali, jina la kazi likaja baadaye. Watoto wa siku hizi tunawapa jina kwanza, "wewe utakuwa injinia", kisha tunawakataza kugusa rimoti. Na safari yenyewe ni ndefu: ukishamaliza shahada, kuna miaka 3 ya mafunzo kazini kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijakuita mhandisi kamili. Bila hamu ya kujua, hufiki.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Kifungo cha betri kilikatika waya mapema. Vibanio vimeanza kutu. Sisi wa karibu na bahari tuvihifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Mota, hata hivyo, ina nguvu ya kutosha.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mkienda kununua, msilipe zaidi ya elfu arobaini na tano, na jaribuni kifungo cha betri palepale dukani kabla ya kuondoka. Chenji ikibaki, mpitieni fundi redio yeyote mumwombe redio moja iliyomshinda, na bisibisi ya nyota.