TAHADHARI: "Diski ya USB 3.0, terabaiti 2" niliyouziwa ni kadi ya simu iliyofichwa kwenye kasha

Jamani, mkiona tangazo la diski ya nje ya terabaiti 2 kwa bei ya flashi ya kawaida, msitume pesa. Mimi nilituma.

Ilifika ikiwa nzuri machoni: kasha la chuma, nzito mkononi, plagi yenye plastiki ya bluu. Nikaichomeka, kompyuta ikasoma terabaiti 2, moyo ukatulia. Nikahamishia picha za miaka yote, na orodha ya faili ikaonekana kamili. Wiki ya pili naenda kufungua picha za karibuni: nusu kijivu, nyingine hazifunguki kabisa. Zile nilizoanza kukopi ndizo pekee zilizopona.

Nikachukua bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya memori, ile ya simu, gigabaiti 64. Pembeni yake kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, kazi yake kuongeza uzito tu.

Ujanja wenyewe uko kwenye chipu inayoendesha kifaa. Programu yake imechezewa. Kompyuta ikiuliza ukubwa, inajibiwa uongo, nayo inaamini, maana kwenye USB kifaa ndicho kinachojitambulisha chenyewe. Nafasi halisi ikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, au hutupwa kimyakimya kama ilivyonitokea mimi. Majina ya faili hukaa sehemu ya mwanzo ya diski, ndiyo maana orodha haikuonyesha pengo lolote.

Na ile bluu, iliyozoeleka kuwa alama ya USB 3.0? Plagi ya kawaida ya USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, ina pini 9: 4 za mbele kama za zamani, na 5 nyingine kwa ndani zaidi. Yangu ina 4 basi. Yaani ni USB 2.0, toleo la zamani la mwaka 2000, megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5. Rangi ni desturi, yeyote anaweza kuiweka. Mwombe muuzaji picha ya mdomo wa plagi kwenye mwanga. Akianza kuzungukazunguka, achana naye.

Nilipolalamika, muuzaji wangu akasema nimeiformati vibaya. Kisha akasema kompyuta yangu ni ya zamani, haiijui USB 3.0. Hilo lilinichekesha hata nikiwa na hasira: kifaa cha USB 3.0 kinafanya kazi kwenye tundu la zamani, kasi tu ndiyo inashuka. Baada ya hapo akaniblok.

Alinipa na kebo ya "zawadi", Taipu-C, eti ya gigabiti 40 kwa sekunde. Taipu-C ni umbo la plagi, basi. Kebo mbili zenye umbo hilo, moja inaweza kuwa ya USB 2.0 na nyingine ya USB4 inayofika kweli gigabiti 40. Hii yangu inachaji tu, simu na kompyuta hazionani. Na hata kuchajia nimeacha: mwaka 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akizipima kebo hizi, aliunguziwa laptopu na kebo ambayo nyaya zake ziliunganishwa vibaya.

Kama tayari unayo diski ya namna hii, usiiformati kwanza. Toa faili zinazofunguka, ndipo uipime kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo huijaza diski, kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa kimebaki. Kuijaza terabaiti 2 kupitia USB 2.0 ni zaidi ya saa 9 hata mambo yakienda sawa kabisa, na kuisoma tena ni kama hizohizo, kwa hiyo iache usiku na mchana. Matokeo yapige picha, ndiyo ushahidi wa kudai pesa zako.

Jana nimeliona tangazo lake tena. Jina la duka jipya, picha ileile, na diski sasa imekua: terabaiti 16.