Sambaza wa Bukavu: wabichi wa alfajiri, au wakavu wanaopimwa kwa kopo?

Kwa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaouzwa Bukavu huko Kongo, wabichi ndio wanaostahili franka zako, mradi uwahi ufukweni. Ikifika saa nne asubuhi, acha. Sambaza huvuliwa tumbo likiwa limejaa vijidudu vya majini, na vimeng'enya vya tumbo hilo haviachi kazi samaki akifa: vinatafuna ukuta kutoka ndani mpaka unapasuka. Bonyeza tumbo kwa kidole gumba. Likiwa gumu, jicho likiwa angavu na ubavu uking'aa kama bati jipya, nunua. Beseni lenye maji mekundu chini ni la jana.

Bei hupanda mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja, huwasha taa, husubiri samaki wapande, ndipo huinua wavu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena. Anayetaka kununua wengi wa kukausha angoje usiku wa giza.

Samaki huyu, Limnothrissa miodon, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini. Ziwa lina kina cha mita 480 hivi, lakini chini ya mita 60 au 70 oksijeni imekwisha, zimebaki gesi tu. Sambaza anaishi kwenye tabaka jembamba la juu lenye oksijeni, na watoto wake hukulia kando kando ya ufuko. Kwa hiyo vidogo visivyofika urefu wa kidole, vilivyokokotwa kwa chandarua, vikatae hata kwa nusu bei. Hao ndio mavuno ya miezi ijayo.

Wakavu? Wako wazuri, wale waliotandazwa juu ya wavu ulioinuliwa. Waliolala chini wana mchanga: loweka kiganja kimoja kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, uangalie chini ya bakuli. Mvunje mmoja mgongoni. Akikunjika bila kukatika, bado ana maji, na msimu wa mvua ataota ukungu kabla ya wiki kwisha.

Kukaanga: osha mara tatu kwa maji ya chumvi, chuja, acha wakauke robo saa. Mafuta yawe moto kabisa, tia kiganja kimoja kimoja, dakika tatu au nne. Ukimwaga wote pamoja mafuta yanapoa na wanageuka uji. Unga hauhitajiki, na kichwa usikitoe.