Daktari wa mifugo Kirumba: paka wangu alikuwa anakohoa, hatapiki

Kirumba, Mwanza, ukielekea soko la samaki la Mwaloni, kuna duka la pembejeo lenye daktari ndani. Foleni ni ya wafuga kuku. Ukija na paka wanakutazama kama umepotea. Vumilia.

Nilimwonyesha daktari video ya simu: paka kajikunyata chini, shingo kainyoosha mbele, anakorota, kisha anameza mate na hatoi kitu. Nyumbani walishaamua ni mwiba wa sato. Daktari akasema hicho ni kikohozi, kinatoka kifuani. Paka anayetaka kutapika utaona tumbo linajikaza na kulegea, mwisho hutoka chakula au donge la nywele. Akashuku pumu, akauliza jiko la mkaa tunaliwasha wapi. (Ukumbini, mvua ikinyesha.) Akaniagiza nimhesabie paka pumzi akiwa amelala, zikizidi 30 kwa dakika nimrudishe, akipumua mdomo wazi, nisingoje kesho. Na Panadol marufuku, kwa paka ni sumu.

Bei ya kawaida, risiti unapewa. Eksirei hana, na hilo ni pengo kubwa, maana pumu bila picha ya kifua unabaki kukisia. Ila mkono wake mwepesi, paka hata hakumparura.