Sahani ya JOST JSK 37: maoni ya dereva anayebadilisha tela kila safari

Kazi yangu ni Dar es Salaam kwenda Tunduma, na tela ninazovuta si zangu. Nafika yadi naonyeshwa tela, leo ya kontena, kesho ya pazia, na mara nyingi sijui nani aliivuta juzi wala aliitunza vipi. Kwa kazi ya namna hii, sahani ya kuungia tela, ile iliyolala mgongoni mwa kichwa (gari linalovuta), naijali kuliko hata injini. Injini ikizima utalala njiani. Tela ikichomoka wakati unapandisha mlima wa Kitonga, nyuma yako kuna basi limejaa watu.

Natumia JSK 37 ya JOST, kampuni ya Ujerumani, ile ya kingpini (pini nene iliyo chini ya tela, inayoingia kwenye sahani) ya inchi mbili. Ninachoipendea zaidi ni kwamba inakuambia wazi kama imefunga. Hendeli iko ubavuni. Ukitaka kufungua unaisogeza, unaivuta nje mpaka ijishike. Kingpini ikiingia, taya ya sahani inajifunga yenyewe na hendeli inarudi ndani. Pale kuna kulabu ndogo ya usalama. Hendeli ikirudi yote, kulabu inaingia mahali pake bila kulazimishwa. Isiporudi yote, kulabu haiingii. Hapo hakuna kubishana na utingo wala kusema nadhani imeshika.

Ila hata sahani nzuri namna gani haikukagulii tela. Kabla ya kuunga nachuchumaa chini na tochi na kitambaa, nafuta grisi kuukuu kwenye kingpini. Grisi ikikaa na mchanga inasaga chuma kama msasa. Naangalia kama kingpini imepinda na kama bamba linaloishika lina ufa, kisha napima unene wake kwa kalipa, kile kipimo cha kubana. Kingpini mpya, pale inaposhikwa na taya, ina milimita 50.8. Ikifika 49 imekwisha. Tofauti hiyo haifiki hata milimita mbili, kwa hiyo anayekuambia ameitazama na iko sawa, mwambie alete kipimo. Kuna yadi nilikataa tela kwa sababu hiyo. Msimamizi akaja juu, wenzako wote wanaivuta, wewe nani? Nikamwonyesha kalipa. Akaleta nyingine.

Halafu kimo cha tela. Bamba lake la chini linatakiwa lilingane na sahani au liwe chini kidogo, isizidi sentimita tano, ili sahani iingie huku ikilinyanyua. Tela ikiwa juu, kingpini inaweza kupita juu ya taya au kushikwa ncha tu, na wewe kwenye kiti umesikia kishindo ukaridhika. Kwa kweli huo ndio mtego mbaya kuliko yote kwenye kazi hii. Mimi narudi nyuma mpaka karibu kugusa, nasimama, nashuka kutazama, ndipo utingo anapandisha au kushusha miguu ya tela. Matairi yawe na kabari muda wote. Tela kuukuu zisizo na breki za springi (zile zinazoshika zenyewe upepo ukiisha) zikikaa yadini siku kadhaa, upepo unavuja kwenye tangi na breki zinaachia. Ukiisukuma kwa nyuma inakukimbia.

Ikishafunga, mipira ya upepo bado sijaunga. Natia gia ndogo, navuta mbele taratibu huku breki za tela zimeshika. Kichwa kikigoma kuondoka, vizuri, lakini haitoshi. Nashuka tena, nainama nyuma ya sahani, namulika tochi. Nataka kuiona taya imekumbatia shingo ya kingpini, na kati ya sahani na bamba la tela nisione mwanga wa upande wa pili. Nikiona mwanga, naanza upya hata kama foleni ya getini inapiga honi. Ndipo kulabu, mpira wa njano, mpira mwekundu, waya wa umeme. Nanyamaza kidogo nisikilize kama upepo unavuja. Miguu inapandishwa yote na krenki inafungwa mahali pake. Taa, nati za matairi, tunaondoka.

Matunzo yake hayana siri, ni usafi na grisi. Mvua zikianza grisi inaondoka haraka, na madereva wengi wanaongeza mpya juu ya ile chafu; hiyo naiona ni kupoteza hela. Taya ikianza kulegea utahisi kichwa na tela vinagongana kila unapokanyaga au kuachia breki. JSK 37 ina boliti ya kurekebisha ulegevu huo, na fundi anayeijua hamalizi asubuhi nzima. Hakikisha kwanza kwamba kinacholegea ni taya, si kingpini ya tela uliyopewa siku hiyo, maana ukikaza taya kwa ajili ya kingpini iliyolika, tela ya kesho yenye kingpini nzima itakusumbua kuingia.

Ukienda Gerezani, kwenye vipuri vya magari Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba, soma kibao cha ubavuni: kina aina ya sahani, thamani ya D (kipimo cha nguvu ya kuvuta ambayo sahani inaweza kuhimili) na uzito unaoruhusiwa kuwekwa juu yake. Kama kibao kimekwanguliwa, mwachie muuzaji sahani yake. Na ukibadilisha taya, badilisha na ile pete ya nusu duara inayobana kingpini upande wa pili, zote mpya kwa pamoja.