Kawasaki Z900RS: mchele mmoja, bei mbili

Simamisha pikipiki za Kawasaki Z900 na Z900RS pamoja, asiyezijua atakwambia hazina undugu. Moja ina uso wa nzige na plastiki zenye ncha. Nyingine ina taa ya duara, tangi la umbo la tone na saa mbili za mshale, heshima kwa Z1, pikipiki ya Kawasaki ya 1972. Ila ukishuka chini ya tangi, injini ni ile ile: silinda 4, cc 948, pistoni ya milimita 73.4 inayopanda na kushuka milimita 56.

Marekani, Z900 yenye ABS iliingia sokoni 2017 kwa dola 8,799. RS ya modeli ya 2018 ikaja kwa dola 10,999. Tofauti ni dola 2,200, na nguvu imepungua kutoka hospawa (nguvu za farasi) 125 hadi 111. Unaongeza pesa, unapunguziwa farasi.

Hapo wengi hununa, na wanakosea. Kompresheni (injini inavyobana hewa na mafuta) imeshushwa kutoka 11.8 hadi 10.8, kemshafti zinazofungua valvu zimefanywa za upole, flaiwili, gurudumu zito la ndani ya injini, imeongezwa uzito, gia ya kwanza imefupishwa na ya sita imerefushwa. Torki, nguvu ya kusokota, haikuguswa, karibu Nm 98.5, ila sasa inafika kileleni kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika badala ya 7,700. Farasi waliopotea ni wale wa juu kabisa, ambao mtu wa barabara yenye matuta na foleni huwaamsha mara chache sana. Kutoka kwenye tuta ukiwa gia ya tatu, RS inavuta bila kulalamika.

Pesa nyingine imeingia kwenye vitu vya kushikika. Kalipa za breki za mbele zimefungwa kwa mtindo wa radial, boliti zikipita sambamba na diski, tofauti na za Z900 ya 2017. Shokapu za mbele zinarekebishwa kila upande, kukaza na kulegeza, kushuka na kurudi. Udhibiti wa gurudumu la nyuma lisiteleze ulikuwemo tangu siku ya kwanza, wakati Z900 ya 2017 haikuwa nao kabisa. Tatizo ni kwamba Z900 ya 2020 ilipewa udhibiti huo pamoja na skrini ya rangi, na bei yake ikabaki chini ya RS. Aliyelinganisha mpya kwa mpya wakati huo alilipia breki, shokapu na sura. Sura ndiyo ilibeba sehemu kubwa.

Na sura hiyo ina uongo wake. Chuchumaa ubavuni uangalie mapezi ya silinda. Yamechongwa vizuri, kingo zimeng'arishwa, utadhani ndiyo yanayopoza injini. Kazi hiyo inafanywa na maji. Rejeta iko pale mbele, imepakwa rangi nyeusi isionekane sana. Mapezi ni pambo, na pambo hilo linakupa kazi: vumbi na matone ya oili hukaa katikati yake, joto likavikausha vikawa gamba. Sugua kwa brashi laini na maji ya sabuni injini ikiwa imepoa. Usilenge rejeta kwa bomba la presha la kituo cha kuoshea magari, maana vijibati vyake hulala na hewa ikakosa pa kupita. Mwaga maji taratibu kutoka nyuma kuja mbele.

Lawama inayorudiwa na wengi ni kushtuka kwa pikipiki unapofungua mafuta kidogo kwenye mwendo wa pole. Sehemu ni mpangilio wa injini, ila kabla ya kumlipa mtu wa kuupanga upya kwa kompyuta kagua vitu viwili. Cha kwanza, kwa RS yenye waya wa mafuta, mchezo wa waya huo: mpini uzunguke milimita 2 hadi 3 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukilegea zaidi, kila ukirudisha mkono unaanza upya na mshtuko. Cha pili, cheni. Zungusha gurudumu utafute pale inapokaza zaidi, pimia hapo, katikati ya spoketi mbili, ulinganishe na kipimo kilichobandikwa kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Usipimie sehemu iliyolegea, utaikaza kupita kiasi uje uue bearing ya spoketi ya mbele. Dabo stendi haipo, kwa hiyo hesabu na bei ya stendi ya kunyanyulia nyuma. Kwa pikipiki iliyoanza kwa dola 10,999, hii inakera.

Upepo nao: kuanzia kilomita 110 kwa saa unaupokea wote kifuani. Toleo la Cafe lina kikinga-upepo kidogo mbele ya taa, lakini usukani umeinamishwa, mikono ndiyo inayolipa.

Anayeagiza iliyotumika aulize imetoka soko gani. Ya Japani ina siti ya milimita 800, saa ya kilomita, na taa inayoinamisha mwanga kushoto, sawa kabisa kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Ya Marekani ina saa ya maili, na taa yake inaweza kumpiga machoni anayekuja mbele yako. Siti ya Ulaya ni 835. Mtu mfupi atasimama kwa vidole, na pikipiki ina kilo 215.

Kama kinachokuvuta ni sura tu, Royal Enfield Interceptor 650 ilianza Marekani kwa dola 5,799. Silinda 2, hospawa 47, na mapezi yake yanapoza kweli, yakisaidiwa na rejeta ndogo ya oili. Valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati. Fundi yeyote mwenye fila geji, vibati vya kupimia nafasi nyembamba, anaziweza. Kwenye RS, kubadilisha shimu ya valvu, kisahani kinachoweka nafasi yake, kunataka kemshafti zitolewe, na usimpe kazi hiyo fundi wa chini ya mwembe ambaye hajawahi kupanga taimingi ya silinda 4.

Lakini tazama rimu. Interceptor ilitoka na spoku za kweli, na rimu zake hizo zinataka tyubu. Msumari ukiingia porini, unatoa gurudumu, unafungua tairi kwa vyuma vya kufungulia tairi, unaziba au unabadilisha tyubu, unarudisha. Rimu za RS ni za kumimina, zimechongwa nyembamba zifanane na spoku. Uongo mwingine, ila huu unakufaa: hazina tyubu. Chomoa msumari, panua tundu, sukuma kamba yenye gundi, kata iliyozidi, jaza upepo. Gurudumu halijatoka mahali pake.