Kukimbia Lushoto: Irente ya picha, Magamba ndo mbio zenyewe

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda asepe zake: kama unapanda Lushoto kwa ajili ya kukimbia, Irente, lile jabali la kutazamia bonde, ipe asubuhi moja tu, siku zako nyingine zote peleka msitu wa Magamba. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaenda Irente wanaposti lile bonde, wanarudi Dar wanasema Lushoto wameimaliza. Hamjamaliza kitu.

Kwa ambao hamjafika, Lushoto iko milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga. Ukiwa barabara kuu ya kwenda Moshi unaiacha pale Mombo, joto linakupiga kama kawaida, halafu gari linaanza zile kona, kama kilomita 33 za lami nyembamba, mwamba upande huu na korongo upande ule, katikati hapo unapita Soni na maporomoko yake, ukija kushuka stendi uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na unatafuta sweta. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, walipapenda kwa sababu hiyohiyo ya baridi.

Sasa hiyo mita 1,400 msiichukulie poa. Sisi wa Dar tumezoea Coco Beach na daraja la Tanzanite, tambarare tupu, tunajisifia pesi zetu, yaani kasi, kwenye Strava, ile app ya wakimbiaji, ukifika kule hewa imepungua kidogo na mji wenyewe hauna sehemu iliyonyooka, kutoka gesti kwenda kununua maji ni mlima. Siku ya kwanza tembea tu, kimbia taratibu nusu saa, kula, lala. Ukilazimisha pesi ya nyumbani utahema mpaka mbuzi wakushangae, na kesho yake mapaja yatagoma.

Haya, Irente. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini unapitia Yoghoi, barabara ya vumbi, inapanda kidogokidogo siyo kwa fujo, ukishazoea hewa unaimaliza bila kusimama. Mwisho wake kuna kiingilio kidogo, halafu majabali, halafu basi, dunia imeisha hapo. Chini kabisa, karibu mita 1,000 moja kwa moja, ni Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kuu ile uliyokuja nayo jana imekuwa uzi, na mbele yake nyika inaenda mpaka macho yanachoka. Kiukweli ni pazuri, sibishi. Ukiwahi alfajiri unakuta mawingu bado yako chini yako na jua linaanza kuyapasua.

Ila kama njia ya kukimbia mi naipa tatu kwa tano, siyo zaidi. Bodaboda ni nyingi na zinashuka zimezima injini, huzisikii mpaka iko kisogoni. Kiangazi ni vumbi, kila gari likipita unakula. Na ni njia ya kwenda na kurudi palepale, hakuna mzunguko, labda uwe na mwenyeji wa kukupitisha kwenye vichochoro vya mashambani. Kinachookoa ni kwamba wakati wa kurudi sehemu kubwa unashuka, na pale karibu kuna Irente Farm, wanauza mkate wao mzito wa kijerumani, jamu na jibini wanayotengeneza wenyewe. Mi jibini sikuwa mtu wake lakini baada ya kukimbia, na ule mkate, aisee.

Magamba ni habari nyingine. Unatoka mjini unafuata barabara ya kwenda Mlalo, ni kilomita kama 6 au 7 hivi mpaka kijiji cha Magamba na yote ni kupanda, kwa hiyo ushauri wangu chukua boda au daladala mpaka pale, miguu ihifadhi kwa ajili ya msitu. Huu ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, huingii tu kama shamba la bibi, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali kwenye simu halafu unaingia na mwongozaji. Malizeni malipo siku moja kabla mkiwa mjini, maana kukaa getini saa moja asubuhi na baridi ile huku unasubiri mtandao ushike, jasho limeshakauka mgongoni, ni njia nzuri ya kuharibu siku.

Mwanzo unakimbia kwenye barabara pana ya zamani, ile ya kubebea magogo toka enzi za Mjerumani walipokuwa na kiwanda cha mbao humo ndani. Imeshaota majani, magari hayapiti, mteremko wake ni wa kistaarabu kwa sababu ilikatwa kwa ajili ya mizigo. Hapa ndo pa kupashia mwili. Ardhi ni laini, majani yamerundikana miaka na miaka, ukikanyaga goti halisikii kitu. Kuna miti ya mikulo humo mikubwa ambayo watu watatu hamuizungushii mikono, imening'inia ndevu za kuvu, na juu kule mbega wanaruka na ile mikia yao mirefu yenye ncha nyeupe. Ukisimama kuwaangalia na wao wanasimama kukuangalia, hapo pesi ishakufa na hujali.

Baada ya hapo barabara inaisha kinachobaki ni kijia cha mtu mmoja. Hapa ndo mbio zenyewe. Mizizi imevuka njia kama ngazi, kuna sehemu unapanda kwa kushika miti, kuna sehemu unakimbia dakika nzima bila kuona mbingu, saa yenyewe ya mkononi inapoteza satelaiti inaanza kukuambia uongo. Ile kupanda Mweka mnayoilalamikia kwenye Kili Marathon kule Moshi ni lami, unaweka gia moja unabaki nayo. Hapa kila hatua ni uamuzi. Sehemu za juu kabisa za msitu zinafika kwenye mita 2,300 hivi, na ukitokea kwenye uwazi unaona matuta ya shamba, viazi na kabeji, yamepandwa kwenye miinuko ambayo mi hata kusimama naogopa.

Kuna pango pia, wenyeji wanasema Wajerumani walijificha humo wakati wa vita vya kwanza. Kama unapenda historia simama, mi nilichungulia nikaendelea, ni giza na popo.

Kuhusu waongozaji. Wengi wao wamezoea kutembeza wageni, hawajazoea wakimbiaji, kwa hiyo ukiuliza umbali wanakupa masaa ya kutembea. Akikwambia ni masaa matano gawa kwa mbili upate ya kwako. Akikwambia hapo tu, beba maji ya kutosha. Waambieni mapema kabisa kwamba mnakimbia, na muulizeni kama yeye mwenyewe anakimbia, wapo wanaokubali hela tu halafu kilomita ya pili anawaomba mpumzike. Tuliyempata sisi alikuja na yeboyebo, kweli, zile za plastiki, na chupa ya maji ya nusu lita. Tukaangaliana, sisi tuna raba za laki na ushee na mifuko ya maji mgongoni. Ilipofika kwenye kushuka hatukumuona tena, tulikuwa tunafuata sauti yake tu anatuita kwenye kona, jamaa anashuka kwa vidole, magoti kayalegeza, hashiki breki hata kidogo, wakati sisi tunakanyagia visigino na kuteleza. Ukitaka kujifunza kushuka mlima usiangalie video, kimbia nyuma ya kijana wa Kisambaa.

Ila nyie msiige yeboyebo. Nunua raba zenye meno chini, zile za barabarani zenye soli nene laini zinakunja kifundo kwenye mizizi na zikikutana na udongo mwekundu umelowa ni sabuni. Mtumba wa soko la Karume, Dar, zipo tena za uhakika, geuza uangalie soli, meno yakiwa bado marefu chukua.

Na msimu jamani. Masika, Machi mpaka Mei, Magamba naipa mbili kwa tano, ni utelezi kuanzia getini. Juni mpaka Agosti njia iko sawa lakini baridi na ukungu, kuna siku huoni mwenzako mita kumi mbele, beba koti jepesi. Septemba na mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli ndo penyewe, hapo tano kwa tano bila wasiwasi. Mwisho wa mwaka kuna mvua za hapa na pale ila ndo msimu wa plamu, sokoni zimejaa ndoo, kwa hiyo kila mtu achague maumivu yake.

Kitu kingine, hizi njia siyo zetu, ni za watu kwenda shamba na sokoni. Utakutana na kina mama na mizigo ya kuni kichwani wanapandisha pale ambapo wewe unahema mikono mitupu. Unasimama, unapisha upande wa bondeni usije ukawasukuma, unatoa shikamoo. Mzee mmoja tulimuamkia akaitikia marahaba, akatuuliza kama kuna gari limetuacha. Tukamwambia hapana mzee tunafanya mazoezi. Akatuangalia miguu, akasema basi hilo jembe langu lipo, kuna mazoezi.

Kuna wanaotembea kutoka Lushoto kupitia Magamba na Rangwi mpaka Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara, wanalala njiani siku kadhaa. Wakimbiaji wenye miguu wanaweza kuipunguza siku, ila siyo ya kujaribu wikiendi ya kwanza, na Rangwi ukifikia kwa masista piga simu kabla usije ukakuta pamejaa. Hela beba taslimu, vijijini huko wakala wa simu yupo leo kesho kaenda shamba. Basi la kurudi Dar linaondoka asubuhi mapema, kata tiketi jana yake na ombeni siti za mbele, zile kona za kushukia Mombo na mapaja yaliyokaza huku umekaa siti ya nyuma sikuombei.