Enkoda ya laki nne: picha safi, sauti ilikuwa inakimbia

Nina miezi minane narusha harusi na misa laivu na hii enkoda, kiboksi cheusi cha HDMI kinachobana picha na sauti ya kamera ziende mtandaoni, nilichonunua Kariakoo. Kwa picha sina neno. Hakichemki, na hata bando likiyumba kinajitahidi.

Sauti ndiyo ilinitoa jasho. Harusi moja ya kanisani tuliwasha mapema wageni wakiwa bado wanaingia, viapo vikafika saa mbili zimeshapita. Shangazi wa bibi harusi, anaangalia akiwa Toronto, akaniandikia: "Mwanangu, mbona bwana harusi ameshakubali na padri bado anauliza?" Nikazima, nikawasha, ikakaa sawa. Baada ya saa moja picha na sauti vikaanza kuachana tena. Nilimlaumu fundi sauti, nikalaumu na bando. Fundi nimeshamwomba radhi.

Usiku nikarekodi dakika kumi, nikipiga makofi mbele ya kamera mwanzo na mwisho. Makofi ya mwisho yalisikika kabla viganja havijakutana. Nikafungua faili kwa ffprobe, programu ya kukagua faili za video. Mkondo wa MPEG-TS, yaani mfumo unaobeba picha na sauti pamoja, unahesabu muda kwa tiki 90,000 kila sekunde, na kila kipande kinagongewa muda wake wa kuchezwa. Fremu (kipande) ya sauti iliyobanwa kwa AAC ina sampuli 1,024, yaani vipimo vidogo vya sauti, na nilikuwa nimeweka sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inadai tiki 2,089.8 hivi. Kutoka fremu moja hadi nyingine, enkoda yenye akili inaruka tiki 2,090 mara nyingi na 2,089 mara chache, desimali zisipotee. Yangu: 2089, 2089, 2089, mpaka chini. Ni konda anayekula chenji ya hamsini kwa kila abiria. Wewe huoni, jioni yeye amejaza mfuko. Kwa saa moja inafika sekunde 1.37.

Nikahamia 48,000. Hapo fremu ni tiki 1,920 kamili, hakuna cha kukata. Jumamosi iliyofuata tulirusha saa nne, midomo na maneno vikaenda pamoja mpaka keki.

Muuzaji kwanza alinijibu "bosi, zima uwashe". Nilipomtumia zile namba, baada ya wiki tatu akaleta programu mpya ya kifaa. Nimepima tena kwa 44,100, sasa inaruka inavyotakiwa.

Nyota tatu. Kwa bei ile ningenunua tena. Ila ukisasisha, mipangilio yote inafutika, pamoja na ufunguo wa kurushia, ile namba ya siri inayounganisha kifaa na ukurasa wako wa laivu. Uandike pembeni kwanza, mimi ulinifutikia asubuhi ya kipaimara.